Asumini kwa Mwenye Eda

Kibwana alikuwa ameipanga siku hii kichwani mwake kwa namna nyingi, na katika namna zote hizo Azan hakuwamo.

Katika mawazo yake, yale aliyoyatunga akijaza udongo kwenye viriba vya miche, Nawal alikuja peke yake. Angeteremka barabarani pale Zinga, angeifuata njia ya mchanga akiwa ameinua kidogo pindo la buibui, angesimama chini ya kivuli cha makuti na kusema jambo dogo tu: "Kumbe ni hapa." Yeye angemjibu, "Ndiyo, ni hapa." Mengine yangekuja yenyewe. Mwanamume aliyeumalizia ujana wake baharini huwa na mazoea ya kutunga mambo kama hayo, na Kibwana alikuwa ameyatunga mpaka yakamkaa kama jambo lililokwisha kutokea.

Lakini asubuhi ile ya Jumamosi lilikuja gari, jeupe, kubwa, likapita juu ya ukoka aliouotesha mlangoni kana kwamba uliwekwa pale kupangusia matairi. Akateremka Azan, kaka yake Nawal, kanzu imenyooka, funguo zikimlia mkononi. Mlango wa nyuma akateremka Bi Miza, shangazi yao, mzito wa miguu, akijishikilia. Na upande wa pili, mwisho kabisa, akateremka Nawal.

Kibwana alijipangusa udongo wa viganja, akajipangusa tena. Miaka yote ile, bandari zote zile, na bado mwanamke huyu aliweza kumfanya asijue aweke wapi mikono yake! Alikuwa amekonda. Mvi zilimchungulia chini ya mtandio. Macho yalikuwa yaleyale, makubwa, mazito, yasiyokuwa na haraka, na mikononi alikuwa amekumbatia chungu cha maua. Kibwana alikitambua chungu hicho mara moja, kwa kuwa ni yeye aliyekichagua, akakijaza samadi na kukipandia asumini nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akampelekea. Ilipoondoka hapa ilikuwa imechanua tele. Sasa ilikuwa majani matupu, haina hata ua moja.

"Asalaam alaikum," Azan alisema, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Waalaikum salaam. Karibuni. Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba, baba. Hujambo? Mashallah, kitalu kimestawi."

"Hatukuja kutazama kitalu, shangazi," Azan alisema.

Na hapo, kabla hajaendelea, simu yake ikalia. Azan alikuwa muuza vigae mjini Bagamoyo, na mzigo wake ulikuwa umekwama mahali fulani siku nzima iliyopita. Akaitazama simu, akamtazama Kibwana, akaitazama tena simu. Biashara ikashinda. "Nakuja," alisema, akaelekea barabarani kulikokuwa na mtandao, sauti yake ikipanda kila hatua.

Bi Miza alivuta ndoo, akaifunika mdomo chini, akakaa. Kisha, bila kuombwa na mtu, akawapa mgongo wote wawili. "Mimi natazama mipapai," alisema.

Walibaki wamesimama, safu ya miche ya midimu katikati yao. Kibwana alikuwa ameipanga miche yake safu kwa safu, imenyooka, kila aina na mahali pake, kama alivyozoea kuona vitu vimepangwa sitahani. Watu wa Zinga walimcheka sana alipoanza. Baharia akistaafu hununua boti, au hujenga vyumba vya kupangisha. Huyu akanunua samadi. Alifunga makuti ya kivuli kwa mafundo ya melini, akajipangia zamu za kumwagilia, akajisimamia mwenyewe kana kwamba nahodha yupo juu anamtazama. Na wale wa Dar waliojenga Mapinga walipoanza kuja kununua michungwa na maua ya uani, kicheko kikaisha. Alitaka kazi ambayo ukiamka asubuhi ipo palepale ulipoiacha jana. Hiyo ndiyo hamu yake yote, mpaka siku aliposikia kwamba Abdullatif, mume wa Nawal, amefariki. Hapo hamu nyingine ikaamka.

"Umezeeka," Nawal alisema.

"Na wewe."

"Mimi nimefiwa. Wewe una kisingizio gani?"

Kibwana alikaribia kucheka. Lakini uso wa Nawal haukuwa na mzaha.

"Pole na msiba, Nawal. Nilitaka nikupe pole mapema, ila..."

"Ulishanipa. Ulinipa pole kwa maua, mbele ya wanawake wa mtaa mzima." Alikisogeza chungu kidogo kifuani. "Ulijua kwamba nilikuwa bado eda?"

"Nilijua."

"Ulijua. Ukaniletea asumini."

"Nilitaka kukuheshimu, wallahi." Maneno yalianza kumtoka mbio. "Kule tulikokuwa tukienda, mtu akifiwa hupelekewa maua. Mke wa nahodha wetu alipofariki, tulichangishana mabaharia wote, tukanunua maua meupe, tukampelekea chumbani kwake. Yule mzee, mkali kama nini, alilia mbele yetu. Nikaona hakuna namna nzuri zaidi ya kumwambia mtu kwamba uko naye."

Nawal alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alifumba macho kidogo, kama mtu anayeumwa kichwa.

"Kule," alisema. "Hapa, Kibwana, mwenye eda hata sabuni ya kunukia huondolewa bafuni. Bi Miza huyo alizunguka soko zima kunitafutia isiyo na harufu. Udi umefungiwa kabatini, manukato yamegawiwa watu. Niko hivyo, nyumba imejaa, tunamsomea Abdullatif hitima. Anakuja mtu wa bodaboda, anapiga hodi kwa sauti ya kuuza samaki: 'Maua ya Bi Nawal, yametoka kwa Kibwana wa Zinga!' Na akaingia nayo mpaka ukumbini. Maua ya kutandazwa kwenye kitanda cha biharusi! Chumba kizima kilinukia. Aliyekuwa akisoma alinyamaza katikati ya aya."

Damu ilimpanda Kibwana usoni. Alijua kwamba mjane hatoki nje. Alijua kwamba havai ya kung'ara. Habari za harufu hakuzijua, maana hayo ni mambo ya ndani kwa wanawake, na ndani ya nyumba ya kwao Kibwana hakukaa tena tangu alipotoka kijana mwembamba, begi begani. Alifikiri jinsi ile asumini ilivyopita mlangoni, jinsi yeye mwenyewe siku ile alivyorudi kumwagilia akipiga mluzi kwa furaha, akatamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa nini asumini lakini? Ungeleta mwarobaini, tungekunywa majani."

"Kwa sababu ya ukuta wa baba yako."

"Kibwana."

"Ile asumini yenu iliyokuwa imelalia ukuta. Ulikuwa ukiniangushia kitumba kimoja kila nilipopita kwenda..."

"Nyamaza." Alikibana chungu kifuani. "Nyamaza, nakuomba. Nina binti anayeolewa."

Akamweleza, kwa ufupi, jicho lake likienda barabarani kila mara. Kholood, bintiye wa pekee, alikwisha kuposwa, Maulidi yakipita aolewe. Sasa mama wa mchumba ametuma ujumbe kwamba wasimamishe kwanza. Watu wanauliza: mama aliyeletewa maua ya biharusi akiwa eda, mambo hayo yalianza lini? Au marehemu alikuwa bado hai? Kholood hali chakula, hapati usingizi. Amekaa na simu mkononi anasubiri mchumba wake apige, na mchumba hapigi.

"Marehemu akiwa hai!" Kibwana alisema. "Nilirudi nikijua una mume. Mtaani kwenu sikupita hata siku moja. Nikienda mjini kununua mbegu nilikuwa nazungukia mbali, nisije nikakutana nawe. Hilo hawalisemi?"

"Najua kwamba hukupita," Nawal alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua kwamba umerudi, na nilijua kwamba hupiti."

Wakatazamana. Kibwana aliyaona macho yale yakimwambia mambo ambayo mdomo haukuthubutu, akasahau kwamba ana mvi, akasahau hata Azan.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Azan akirudi, mwambie hukujua. Mwambie umekosea, umechukua desturi za ugenini. Hilo ni kweli, wala halikuvunjii heshima. Yeye atalifikisha kwa wakwe, ana ulimi huyo. Sema hilo tu, usiongeze neno."

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Mimi ninayekupenda. Nikae kimya, niuze mipapai?"

Nawal alitazama mgongo wa Bi Miza, akatazama barabarani, kisha akamrudia yeye. "Subiri," alisema.

Hakuna neno chini ya jua ambalo Kibwana alilichukia kama hilo.

"Hilo neno nililisikia kwa baba yako," alisema, na uchungu wa zamani ukamjaa mdomoni kama haukuwahi kutoka. "Nilipiga magoti kwenye baraza yake, nikaambiwa subiri."

"Ndiyo. Ulitakiwa usubiri Ramadhani ipite, utafute kazi ya nchi kavu, uje tena. Ulikuja?"

"Alikuwa ananikataa kwa adabu."

"Baba yangu!" Nawal alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata chembe. "Baba yangu alijua kukataa kwa adabu? Muulize mtu yeyote wa Bagamoyo. Angekuwa amekukataa, ungejua, na majirani wangejua. Alisema subiri kwa kuwa alitaka usubiri. Alikuwa ameanza kukupenda, mpumbavu wewe. Wiki ileile ukapanda meli. Mimi habari nilizipata kwa muuza samaki, nimesimama mlangoni na sinia."

Maisha yake yote Kibwana aliyajenga juu ya jambo moja, kwamba alikataliwa. Ndilo lililompeleka, ndilo lililomzuia kurudi hata alipoweza. Sasa lilikuwa limeanguka chini mbele yake, katikati ya viriba.

"Mara hii subiri, Kibwana," Nawal alisema haraka, kwa maana hatua za Azan zilikuwa zinakaribia. "Nakuomba kitu hicho kimoja."

Azan alirudi akiwa na hasira za mzigo wake juu ya hasira alizokuja nazo.

"Bwana Kibwana, mimi ni mtu wa biashara, sipendi kuzunguka. Ulimpelekea dada yangu maua ya biharusi, mumewe hajakauka kaburini. Sasa umefiwa wewe na adabu, au ulikusudia?"

"Nilikosea," Kibwana alisema. Alijikaza, akayasema yote kama alivyoombwa: nahodha aliyefiwa, maua meupe, desturi za kule, ujinga wake wa mambo ya eda. Aliomba radhi kwa Azan, akaomba radhi kwa Bi Miza, akamwomba Nawal radhi bila kumtazama sana. Alisema vizuri. Hata Azan uso ulianza kulegea.

"Sawa," Azan alisema. "Hilo nimelipokea, na nitalifikisha. Mtu aliyekaa sana ugenini huwa hivyo."

Laiti angenyamaza hapo! Lakini Azan ni mmoja wa wale watu ambao wakishinda lazima washinde tena.

"Ila wakwe wataniuliza la pili," aliendelea. "Wataniuliza, huyo bwana anamtaka mjane au hamtaki? Na mimi jibu ninalo. Nyinyi mabaharia nawajua. Nguvu mkiwa nazo mnazimalizia kwenye bandari za watu. Magoti yakianza kulia, mnarudi kutafuta mwanamke wa kuwakanda miguu. Ukasikia Abdullatif amekufa, ukamkumbuka Nawal. Ukaona pale pana nyumba, pana kitanda kilichotandikwa, pana uji."

"Azan, mche Mungu," Bi Miza alisema.

"Acha niseme, shangazi. Alipopanda meli, baba alisema huyu hana kwao, tukamwona baba mkali. Mtu mwenye kwao hukosa maziko ya mama yake?"

Ilikuwa kama amempiga kofi. Mama yake Kibwana alizikwa hatua chache kutoka pale waliposimama, nyuma ya michungwa, na Kibwana alipata habari akiwa katikati ya bahari, siku nyingi kutoka bandari yoyote. Alilia ndani ya shuka usiku, mchana akapiga rangi vyuma. Shamba hili lilikuwa la mama. Kila mche aliuotesha akimwomba msamaha. Hakuna mtu aliyejua hilo, ila alidhani Nawal atalijua bila kuambiwa.

Akamtazama Nawal. Alimwomba kwa macho aseme neno moja: kaka, hapo umekosa. Neno moja tu.

Nawal alikuwa ameinamisha kichwa. Kidole chake kilikuwa kinashindilia udongo wa kile chungu, taratibu, na midomo yake imebanwa mpaka imepoteza rangi. Mtu mwenye utulivu angeona mama anayeuma meno ili binti yake aolewe. Kibwana hakuwa na utulivu. Aliona mwanamke anayekubali. Aliona tena ile baraza, na yule mzee, na yeye mwenyewe chini, kofia mkononi.

Na lile lililompandisha meli zamani likampanda tena.

"Unataka kiapo, Azan?" alisema.

"Sikutaja kiapo mimi."

"Chukua tu, ukawape wakwe zako."

"Kibwana," Nawal alisema, kwa upole, kama anayemwita mtoto aliye karibu na kisima.

Hakumsikia. Au alimsikia, na ndiyo maana alipaza sauti. "Wallahi, wabillahi, watallahi, simtaki dada yako! Sikumtaka jana, simtaki leo, na sitamwoa, hata mkimleta hapa kwa ngoma na matarumbeta. Nilikuwa nampa pole, kama ningempa mtu yeyote. Nendeni mkawaambie hivyo, walale usingizi."

Bi Miza alikuwa amegeuka kwenye ndoo yake, mkono umefunika mdomo.

Nawal aliinua uso. Hakulia, na Kibwana baadaye alifikiri kwamba kama angelia ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, kwa utulivu, muda wa kutosha kumaliza jambo ndani yake. Kisha aliinama, akakiweka kile chungu chini, mwisho wa safu ya midimu, akajipangusa mikono.

"Umesikia, kaka," alimwambia Azan. "Umepata zaidi ya ulichokuja kutafuta. Twende."

"Huo ndio uanaume!" Azan alisema, na ghafla akawa mchangamfu, kama mtu aliyepunguziwa bei. Alimshika Kibwana mkono, akautikisa. Alimwambia kwamba mwanamume ni kauli yake. Akaulizia hata midimu, kama huzaa mapema, akachagua miche miwili iliyonona kuliko yote na kwenda kuipanga nyuma ya gari, akisukuma maboksi ya vigae huku na huku kuipatia nafasi. Nawal alikwisha kuingia ndani na kufunga mlango.

Bi Miza hakuondoka. Alimsogelea Kibwana, akainama kama anayechuma majani ya mrehani.

"Nani alikuomba uape?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulimsikia Azan alivyonitukana. Naye amekaa kimya!"

"Alikuomba kitu gani yule mtoto? Mgongo niliwapa, masikio sikuyatoa. Alikuomba nini?"

"Nisubiri."

"Ulijua alitaka usubiri nini?"

Kibwana aligeukia gari.

"Nitakwambia, japo haikusaidii kitu," Bi Miza alisema. "Juzi, siku aliyotoka eda, nikimsuka, aliniambia: 'Shangazi, Kholood akishaingia kwake, nitakuomba unisindikize Zinga. Nitakwenda mchana, kila mtu aone.' Nikamuuliza, na Azan? Akasema, yeye si mwali tena, kauli ni yake; Azan kazi yake itakuwa kuozesha, apende asipende. Alikwisha kukata shauri, baba. Tangu alipoliona lile ua lako la kijinga."

Kibwana alishika nguzo ya kivuli.

"Kiapo kina kafara," alisema. "Bi Miza, kiapo kina kafara. Nitalisha maskini kumi. Nitalisha mia. Nitafunga..."

"Walishe, ni wajibu wako. Kiapo Mungu atakusamehe." Bi Miza aliinuka, akajinyoosha kiuno kwa shida. "Lakini lile neno ulilomwambia mwenzio, mbele ya kaka yake, la simtaki, umlishe nani ndipo alisahau?"

"Alikuja kunirudishia chungu. Mimi nilifikiri..."

"Kukurudishia!" Macho ya bibi yule yalijaa machozi, na hasira. "Siku ile wanawake walitaka kuitupa asumini yako jalalani. Akaipokonya. Aliiweka uani, karibu na pipa la maji, na kila alfajiri akishaswali alikuwa akivikata vitumba vyote kwa kucha zake kabla havijafunguka, isinukie, asivunje eda. Kila alfajiri. Nikamwambia, si uing'oe upumzike? Akasema, 'Eda itaisha, shangazi. Itachanua wakati wake.' Leo ameibeba mapajani njia nzima. Azan alidhani anarudisha. Alikuja uihamishie kwenye chungu kikubwa."

"Shangazi!" Azan aliita, akifunga buti la gari. "Jua linapanda!"

Bi Miza aliondoka akijikokota. Kibwana alikiendea kile chungu, akakiinua. Kwenye tundu la chini mizizi ilikuwa imetoka, mingi, myeupe, imejisokota ikitafuta pa kwenda. Na kule juu, penye majani, pembeni mwa kila kijiti, palikuwa na kovu dogo la ukucha.

Injini iliwaka. Kibwana alikimbia. Mzee mzima, mwenye magoti yanayolia kama alivyosema Azan, alikimbia na chungu kifuani kuipita miche yake, akaipiga kumbo safu nzima ya mipapai, akafika kwenye kioo cha mlango wa nyuma akitweta na kukigonga.

Kioo kilishuka nusu.

"Nawal," alisema. "Mizizi imejaa. Nitaihamisha leo hii. Nitaiweka kwenye chungu kikubwa kuliko vyote, ndicho ulichotaka, si ndiyo? Nitakutunzia. Nitasubiri, Nawal. Wallahi..."

Akajisikia mwenyewe akitaja tena kiapo, akanyamaza.

Azan alikuwa anamtazama kwenye kioo cha dereva, nyusi juu. Bi Miza alitazama mikono yake mwenyewe. Nawal aliigeukia ile asumini, akanyoosha mkono nje ya dirisha, na kwa muda Kibwana alidhani anaipokea. Kumbe aliona kitumba kimoja, kidogo, kilichochomoza tangu eda iishe. Alikishika kwa ncha za vidole. Kisha akakiacha palepale, bila kukikata.

"Iuze tu, kaka," alisema kwa adabu, kama anavyozungumza na muuzaji yeyote wa barabarani. "Mwenye harusi hakosekani."

Tangu siku ya kwanza pale ukutani kwa baba yake, Nawal hakuwahi kumwita kaka.

Kioo kikapanda. Gari likapita tena juu ya ukoka, likashika barabara ya kwenda Bagamoyo, na Kibwana akabaki amesimama pale mlangoni na chungu chake, huku mipapai aliyoiangusha ikilala chini nyuma yake, ikingoja mtu wa kuiinua.